Koo la Danson

Danson alipotolewa kisanduku cha sauti kwa ajili ya kansa katika hospitali moja kubwa ya Mombasa, watu waliokuja kumwona walimsikitikia kwa sababu ya sauti. Hiyo ndiyo waliyoijua. Karibu maisha yake yote alikuwa nyapara wa mashamba ya mkonge upande wa Mwatate, na kule akipaza sauti mwanzo wa mstari, aliye mwisho wa mstari alishtuka na kushika panga. Hakuna aliyemuuliza mkewe habari ya chakula. Hata Lois mwenyewe hakuwa amelifikiria jambo hilo mpaka siku alipomrudisha nyumbani Voi, akamtengenezea uji wa wimbi, akamwona anakitazama kikombe kama mtu aliyepewa dawa chungu.

Muuguzi alikuwa amewaeleza vizuri kabla hawajaruhusiwa kutoka. Sasa Danson alipumua kwa tundu lililokatwa chini ya shingo, na njia ya hewa na njia ya chakula hazikukutana tena. Lakini koo lenyewe lilikuwa limekatwa na kushonwa upya, kisha likachomwa na mionzi, na mate yalikuwa yamekauka. Kumeza kungekuwa kazi.

"Mama, mwanzoni ni vitu laini, laini kabisa," muuguzi alisema. "Na mkiona chakula kinakwama kuliko alivyozoea, msikae nacho nyumbani. Mrudi."

Lois aliyashika maneno hayo. Danson naye aliyasikia, ila alikuwa akitazama dirishani.

Basi Lois akajifunza kupika upya na mvi zake kichwani. Viazi vitamu, maharagwe yaliyomenywa maganda, ndizi za kupika alizotumiwa na mdogo wake Derrick kutoka kwao Bomeni, Taveta, vyote alivichemsha hadi vikalegea, akavisaga kwenye blenda, akavipitisha kwenye chujio kwa mgongo wa kijiko. Kimanga, ule mseto wa Kitaita wa viazi na maharagwe ambao Danson alikuza nao tumbo tangu utotoni kule Werugha, kizito cha kusimamisha mwiko, sasa kilikuja mezani kama rojo la mtoto anayeota meno. Alikula ameinamisha kidevu. Alimeza, akangoja, akashushia maji, akameza tena, na koo likatoa mlio kama wa bomba lililoingia hewa. Mara nyingine uji ulirudi ukamtoka puani. Alipomaliza bakuli moja, jua lilikuwa limeshahama kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma, na Lois alikuwa ameketi naye muda wote huo, kitambaa mkononi.

Tena hakusikia harufu. Hewa haikupita puani, kwa hiyo kitunguu kikikaangwa, maziwa yakiungua, kwake yote yalikuwa mamoja. Alizungumza kwa simu, akiandika ujumbe na kumsogezea mtu asome, na aliandika kwa herufi kubwa tupu, hata neno dogo likaonekana kama amelipigia kelele.

HAKINA LADHA, aliandika.

"Ni pua, Baba Daisy. Daktari alisema."

NI MPISHI.

Lois alicheka kidogo, akidhani ni utani. Alimtazama usoni akaona si utani. Danson hakuwahi kukisifu chakula chake hata siku za afya. Mwaka ule wa kwanza wa ndoa aliwaambia ndugu zake mbele yake kwamba Wataveta hawajui kitu ila ndizi, na wao wakacheka, na yeye Lois akacheka nao kwa kuwa alikuwa mgeni. Binti yao Daisy, ambaye sasa anafanya kazi Nairobi, alikua akisikia maneno hayo hayo kila Jumapili.

Mvua za vuli zilipoanza, chakula kikaanza kukwama. Kwanza ni kimanga, hata kikiwa kimechujwa. Kisha ni uji mzito. Danson alimeza na kitu kikasimama pale pale juu ya tundu, akakunja uso, akainuka kwenda kutema nje. Mashavu yalibonyea. Suruali aliyoshonewa kabla ya kulazwa ilifungwa kwa kamba.

"Turudi Mombasa," Lois alimwambia. "Muuguzi alisema tukiona hivi turudi."

SIENDI.

"Kwa nini?"

Danson aliilaza simu kifudifudi. Lois aliijua sababu. Kulikuwa na mtu aliyeitwa Mutunga, karani wa mizani kule kwenye mkonge, mvutaji sigara mwenzake Danson, aliyekatwa koo kama yeye mwaka uliotangulia. Mutunga alirudi hospitali kwa sababu chakula kilikuwa hakishuki, wakamkuta kansa imerudi, na safari ya kurudi kwao Kitui aliifanya ndani ya jeneza. Danson alikuwa mazishini. Lois alimhurumia mumewe kwa ajili ya hofu hiyo, akaongeza maji kwenye uji, akabadilisha chujio akanunua lenye matundu madogo zaidi. Kila jioni alimwambia turudi, na kila jioni akapewa jibu lile lile.

Kumbe Danson alikuwa amepata maelezo mengine yasiyotisha kama kansa.

Siku moja saa za mchana Rita, wifi yake Lois, akaingia uani bila hodi, begi begani, kuku amemkumbatia ubavuni. Rita ndiye aliyemfuata Danson kwa kuzaliwa. Alikuwa mjane, mnene, mchangamfu, mwenye kusikilizwa katika kikundi cha akina mama cha kanisa kule Werugha.

"Kaka ameniandikia," alisema kabla ya kuketi. "Amesema anakufa njaa ndani ya nyumba yake."

Lois alikuwa ameshika chujio. "Hafi njaa, wifi. Koo linabana. Nimemwomba twende hospitali hataki."

"Amesema chakula chako kinamkwama."

"Chakula chochote kingemkwama."

"Hajala cha mtu mwingine, utajuaje?" Rita alimkabidhi kuku kama mtu anayemkabidhi mfanyakazi. Kisha akaisogelea sufuria, akafunua kifuniko, akachungulia. "Na hiki unachochuja hivi, unatoa nini ndani yake?"

"Nyuzi. Maganda."

"Mm," Rita alisema, akafunika.

Kuanzia siku hiyo jiko halikuwa la Lois tena. Rita alipika supu ya kuku, akaponda nyama kwa mwiko, akampelekea kaka yake sebuleni, akaketi pale alipokuwa akiketi Lois. Danson alimeza huku akiitikia kwa kichwa kumridhisha. Bakuli lilirudi jikoni tupu, na Rita akalionyesha pale mlangoni bila kusema neno.

Wakati huo Lois alikuwa akifua. Alipokwenda kuanika nguo upande wa tangi la maji, alimkuta Danson ameinama nyuma ya tangi, mkono mmoja ukutani, akitoa ile supu yote. Ilimtoka mdomoni na puani. Jicho lake lilikutana na la mkewe. Lois alingoja. Danson alijifuta kwa mkono wa shati, akachukua jembe lililokuwa karibu akafukia alipotapika, akapita mbele yake kurudi ndani kama anayempita mpangaji. Baadaye Lois alimsikia Rita akizungumza na simu barazani, akisema kaka anakula sasa, bakuli zima, na kwamba watu wawe wanaangalia wanaoa wapi.

Angeweza kusema. Alijiuliza baadaye kwa nini hakusema, na jibu alilolipata halikumpendeza: alimwonea mumewe aibu kuliko alivyojionea huruma.

Kaka yao mkubwa, Sylus, mzee wa kanisa na mtu wa mipango, alizisikia habari hizo njema akaona inafaa ifanywe ibada ya shukrani. Mungu amempa Danson uhai, sasa amempa na hamu ya kula. Watu wakaalikwa Jumapili baada ya ibada. Sebule ikajaa, wengine wakakaa barazani. Mchungaji aliomba, kwaya ya akina mama ikaimba, Danson akaketi katikati na koti lake la harusi, shingoni kitambaa cheupe alichoshonewa na Lois kufunika tundu. Kwa siku kadhaa alikuwa hajapitisha kitu ila maji na maziwa. Lois alilijua hilo kwa kuwa ndiye aliyemwachia kikombe cha maziwa kando ya kitanda, na ndiye aliyekiondoa.

Chakula kikaletwa. Rita alikuja na sahani ya kaka yake ameiinua juu kidogo, kila mtu aione. Wali, mchuzi, na minofu ya kuku iliyokatwa vipande.

Lois alisogea. "Wifi, nyama hiyo usimpe. Haitapita."

"Ataketi na wageni wake anywe uji?" Rita alisema kwa sauti ya kusikika. "Mwache ale kama mwanamume."

Watu wawili watatu wakacheka. Danson alimtazama mkewe, akawatazama wageni, akachukua mnofu kwa vidole, akautafuna kwa muda mrefu, akameza.

Ulikwama. Lois aliona mabega yakipanda. Danson alijaribu maji, nayo yakarudi yakamtoka puani, yakalowesha koti. Akaongeza mengine, yakarudi. Mate yakaanza kummiminika asiweze kuyameza wala kuyazuia. Mtu akapiga yowe kwamba anapaliwa, mwingine akampiga mgongoni. Lakini alikuwa akipumua. Kile kitambaa cheupe kilikuwa kikipanda na kushuka shingoni, na Lois, aliyekuwa akijipenyeza katikati ya viti, alikuwa akikitazama hicho tu.

Hapo Rita akavua leso yake ya mabegani, akaikunja, akaishindilia shingoni mwa kaka yake kuyazuia yale mate. Alikishika kichwa kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akabana, kama mtu anavyobana kidonda kinachotoka damu. "Yesu, msaidie," alikuwa akisema. "Yesu, msaidie."

"Toa mkono," Lois alisema. "Unaziba. Anapumulia hapo."

Rita hakusikia. Danson alianza kurusha miguu. Alimshika dadake kifundo cha mkono kujinasua, na Rita, kwa mapenzi yake yote, akazidi kubana. Midomo ya Danson ikawa na rangi ya zambarau. Lois akafika. Alimshika wifi yake mabega akamvuta kwa nguvu ambazo hakujua anazo, na Rita akaenda chali juu ya meza, juu ya sufuria ya mchuzi, mkono wake ukazama ndani hadi kwenye kiwiko.

Danson akavuta hewa kwa tundu lake kwa mlio mrefu. Hakuna aliyeusikia, kwa kuwa Rita alikuwa akilia.

Jirani yao Kilonzo, Mkamba mwenye duka la vifaa vya ujenzi, aliwapakia kwenye Probox yake hadi hospitali ya Voi, na kutoka hapo wakapelekwa Mombasa kwa ambulansi. Mnofu ukatolewa. Daktari, mwanamke kijana aliyezungumza polepole, aliwaita wote wawili matokeo yalipotoka.

"Hakuna kansa," alisema. "Ni kovu. Mahali tuliposhona pamenywea, njia ikawa nyembamba kama mrija wa soda. Tumepatanua. Huenda pakanywea tena baada ya miezi, na mkiona dalili mje mapema, tupatanue tena. Si jambo la kuogopa."

"Na chakula?" Lois aliuliza. "Kuna chakula kilichosababisha?"

"Hapana."

"Au anayepika?"

Daktari alimtazama, kisha akamtazama Danson. "Hapana, mama. Anayepika hana uhusiano wowote na hili. Kumchujia kwako ndiko kulikomfikisha hapa akiwa hai. Mzee, umesikia?"

Danson aliitikia kwa kichwa kwamba amesikia.

Waliporudi Voi, alimeza uji bila kusimama. Alimeza kimanga cha Lois, kisha yai. Machozi yalimlenga machoni, na Lois akageuka kando amwachie faragha yake. Alifikiri mambo yamekwisha.

Sylus alikuja Jumamosi na Rita, ambaye mkono wake ulikuwa umefungwa bandeji. Wakaketi sebuleni. Sylus alikuwa mpole, hakupandisha sauti.

"Shemeji, sisi hatukuja kugombana," alisema. "Lakini jambo lilifanyika mbele ya mchungaji. Umempiga wifi yako, ameungua. Watu wanauliza. Ukoo unauliza."

"Sikumpiga. Nilimtoa. Alikuwa ameziba tundu kwa leso."

"Nilikuwa nampangusa mate," Rita alisema. Alikuwa akiamini alisemalo. Lois aliliona hilo waziwazi, na halikumpunguzia kitu.

"Mwenyewe yuko hapa," Lois alisema. "Muulizeni. Yeye ndiye aliyekuwa akikosa hewa."

Wote wakamgeukia Danson. Alikuwa na simu mapajani. Lois alimtazama kidole gumba, kinene, chenye kovu la mwiba wa mkonge, kikielea juu ya kioo. Mtu huyu alikuwa amehisi mkono ukimziba. Alikuwa ameushika ule mkono kwa mkono wake mwenyewe. Kumaliza jambo lile kulihitaji maneno matatu.

Danson aliandika, akampa Sylus simu. Sylus akasoma kwa sauti.

"Yaishe."

"Ni hivyo tu?" Lois aliuliza.

Danson alinyoosha mkono arudishiwe simu yake.

"Basi yaishe," Sylus alisema. "Wewe mwombe wifi yako msamaha tu, tuombe, tunywe chai."

Daisy, alipopigiwa simu, alisema maneno kama hayo hayo. "Mama, sema tu pole yaishe. Unawajua walivyo."

"Nawajua," Lois alisema. "Na baba yako nilidhani namjua."

Hakuomba msamaha. Alipika ile chai, akawamiminia wote, na walipokuwa wakinywa alipakia nguo zake kwenye begi. Kesho yake alikuwa Bomeni, kwenye nyumba ya mama yake ambayo ilikuwa imebaki tupu tangu mama huyo alipofariki. Derrick alimpokea begi. Alimwonyesha kipande cha shamba nyuma ya nyumba akamwambia migomba ile imekosa mtu wa kuikata majani.

Habari zilimfikia kupitia watu. Rita amehamia Voi kumtunza kaka. Danson amenenepa. Kanisani imesemwa, tena na Rita mwenyewe mbele ya madhabahu, kwamba ni supu yake na maombi vilivyofungua koo lililofungwa na mkono wa mtu. Hakutajwa jina. Halikuhitajika. Mwanamke mmoja wa Taveta aliyekuwa amekwenda Voi kununua mitumba ndiye aliyemletea hayo, na alimtazama Lois kwa namna ya kutaka kujua.

Lois alisikia akarudi kukata majani. Chakula alikula anachotaka, samaki wa kukaanga, ugali mgumu, na mara ya kwanza alipouma mahindi ya kuchoma alishtuka kusikia meno yake mwenyewe. Lakini zipo asubuhi alizojikuta amechemsha ndizi mpaka zikalegea kabisa, akasimama juu ya sufuria kwa hasira, asijue afanye nini na chakula kile cha mgonjwa.

Kiangazi kilikuwa kimeshika sana ujumbe ulipoingia.

CHAKULA KIMEANZA KUKWAMA TENA. RITA HAJUI.

Aliusoma akiwa kwenye mfereji, miguu majini. Aliuelewa wote. Alimwona akilini akiinama nyuma ya tangi, akifukia. Angeweza kumjibu amwambie dadake amwombee. Aliyaandika hata hayo maneno, kisha akayafuta, akaandika: *Nitakukuta stesheni Voi Jumatatu. Usile kitu kigumu.*

Walikwenda Mombasa pamoja. Danson alikuwa amekonda upya, na kitambaa cha shingoni kilikuwa kichafu kwenye pindo. Hakuna aliyekuwa akikifua vizuri. Kwenye benchi la hospitali walikaa bega kwa bega kama watu wasiojuana walioshikiwa nafasi mbili. Baada ya muda mrefu Danson alitoa simu, akaandika kwa taratibu sana, akamsogezea.

NAJUA NI WEWE ULIYENIPA HEWA. SIJASAHAU.

Lois alisoma. Alimrudishia simu.

"Hilo mimi nalijua tangu siku ile," alisema. "Sebuleni kulikuwa na watu. Waandikie wao. Mwandikie Sylus. Hapo hapo, nikikuona."

Danson aliichukua simu. Alilifungua jina la kaka yake, Lois akaliona. Kidole gumba kilikaa juu ya kioo. Macho yake yalimwendea mkewe yakamwomba, na alichokuwa akikiomba ni asilazimishwe. Rita ndiye anayempikia. Sylus ndiye ukoo. Yeye ni mzee asiye na sauti, na kule nyumbani ndiko anakorudi.

Muuguzi akaliita jina lake. Danson alitia simu mfukoni, akamkabidhi Lois koti lake, akaingia.

Lois alilishika koti mpaka alipotolewa. Alimsikiliza daktari, akahakikisha Danson amemeza maji mbele yake, kisha uji, na kwamba vyote vimeshuka. Alimrudisha Voi, akamfikisha hadi getini. Rita alitoka akasimama barazani, mkono wenye kovu kiunoni.

"Koo limetanuliwa na daktari tena leo," Lois alimwambia kutoka pale getini. "Lilikuwa limenywea. Alikuwa anatapika supu yako nyuma ya tangi, na ya kwanza pia aliitapika pale pale. Muulize."

Rita alimgeukia kaka yake. Danson alipita kati yao wote wawili akaingia ndani, akafunga mlango.

Lois alikwenda zake. Kesho yake ujumbe uliingia, wa neno moja: NIMEKULA. Ulikuja mwingine kama huo siku iliyofuata, na mwingine. Alizisoma zote, hakuzijibu. Zamu yake ya mfereji ilikuwa imefika, akafungulia maji yakaingia kwenye migomba. Kutoka kwa Sylus haikuja simu wiki ile, wala mwezi ule.